Lile jengo jekundu la São Paulo lenye miguu minne, kuna aliyewahi kuingia?

Mkoboaji wa Moshi

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa kahawa, mwezi ujao kazini wananipeleka Brazil mji unaitwa Campinas, wiki mbili za mafunzo. Viza ipo, tiketi ipo, napitia Addis. Katikati hapo nina siku moja ya kupumzika nikasema nisiilale hotelini, niende São Paulo nikashangae mji maana ni kama kilomita 100 tu kwa basi. Sasa katika kuperuzi nikakutana na makumbusho ya sanaa yanaitwa MASP na jengo lake limeninyima usingizi. Ni boksi refu la zege na vioo, limebebwa na miguu minne myekundu, huku miwili kule miwili, katikati hamna kitu. Hamna nguzo hata ya kudanganyishia. Watu wanakatiza chini yake, wengine wamekaa chini wanapiga stori kama wako kijiweni.

Naomba kujuzwa, hilo dude linasimamaje? Na kwa nini uache chini kote wazi kwenye barabara ya mabenki ambako kila hatua ni hela, huyo tajiri aliyeanzisha alikuwa anawaza nini? Halafu mtu kama mimi ambaye sanaa yangu yote ni kwenda Mwenge kununua kinyago cha zawadi, nikiingia humo ndani nitaelewa kitu au nitazunguka tu kama mtu aliyeenda msibani hamjui marehemu? Wenye uzoefu karibuni, wa kunicheka pia karibuni.

Zege Halilali

Mkuu hapo umenigusa penyewe. Brazil sijafika ila hili jengo tumelisoma chuo mpaka tukalichora, mwalimu wetu alikuwa analitaja kila akitaka darasa linyamaze.

Aliyelibuni ni mama, Lina Bo Bardi, Mtaliano kazaliwa Roma 1914, akahamia Brazil 1946 na mumewe Pietro Maria Bardi. Injinia ni José Carlos de Figueiredo Ferraz, ambaye baadaye akawa meya wa huohuo mji. Kutoka miguu ya upande mmoja hadi ya upande wa pili ni mita 74. Uwanja wa mpira wa mechi za kimataifa upana wake ni mita 68, kwa hiyo ukiulaza pale chini kwa upana unaingia na benchi la wachezaji wa akiba linabaki na nafasi. Na tumbo la jengo liko mita 8 kutoka chini.

Sasa watu wengi wakiona zile boriti mbili nyekundu zilizopita juu ya paa wanadhani ndizo zimebeba kila kitu, hapana, zile zimebeba paa tu. Kuna boriti nyingine mbili zimejificha ndani usawa wa katikati ya boksi, hizo ndizo punda. Sakafu ya juu yenye picha imezikalia, na sakafu ya chini yake imening'inizwa kwa vyuma kutoka kwenye hizohizo. Yaani ukiwa sakafu ya chini umening'inia kama ndoo kwenye kamba ya kisima ila hutahisi chochote.

Mbona hazipindi? Zege likibanwa halina neno, likivutwa linapasuka, hilo hata saidia fundi wa mtaani anajua. Boriti ndefu ikilemewa tumbo lake linavutwa. Dawa yake ni kupitisha nyaya ngumu za chuma ndani ya boriti halafu unazivuta kwa jeki mpaka zikaze kwelikweli, unazifunga ncha, zikitaka kurudi zinalibana zege kutoka huku na huku. Chukua vitabu kumi mezani uvipange wima kama kwenye shelfu, vibane kwa viganja viwili unyanyue, havianguki na hamna gundi. Ndio hivyo. Ferraz alikuwa na mfumo wake mwenyewe wa kuvuta hizo nyaya, hakuazima kwa mtu. Na zile boriti za juu upande mmoja zimefungwa upande mwingine zimeachwa zicheze kidogo, maana jua likiwaka zege linarefuka, ukilibana pande zote litakutafutia pa kupasukia.

Kuhusu uwazi wa chini, kile kiwanja zamani kilikuwa sehemu ya watu kwenda kutazama mji, na sharti likawa ukijenga usizibe mandhari ya kule bondeni. Hebu fikiria umepewa kiwanja halafu unaambiwa usikizibe. Wengi hapo wangeomba kiwanja kingine. Mama akapandisha makumbusho hewani, kumbi za mikutano na tamthilia akazishusha chini ya ardhi kufuata mteremko, katikati akaacha upepo upite.

Mkuda wa Tandika

Injinia umeeleza vizuri ila umeruka hela ilitoka wapi, na hapo ndipo penye utamu.

Mwanzilishi ni Assis Chateaubriand, watu walimwita Chatô, bwana mkubwa wa magazeti na redio, TV ya kwanza Brazil ni yeye aliileta 1950 (sisi huku bara tumekuja kuona TV yetu 1994, tuendelee). Mwaka 1947 akafungua makumbusho ndani ya jengo la magazeti yake mtaa wa 7 de Abril, huyo mume wa Lina akawa mkurugenzi na alikaa hapo miaka na miaka. Vita ya pili ndo imeisha, Ulaya watu wana picha ukutani ila mfukoni hawana kitu, bei ziko chini, Bardi alikuwa anajua biashara ya picha tangu Italia basi wakaokota vitu ambavyo leo hata nchi haiwezi kununua. Wachoraji wakubwa wa Ulaya, Rafaeli yumo, Mantegna yumo, Van Gogh, Cézanne, Renoir, Modigliani, na sanamu za shaba za Degas 73 kwa mkupuo.

Na hela hakutoa zote mfukoni mwake ndugu zangu. Walioandika maisha yake wanasimulia alikuwa anawabana matajiri wa kahawa na wa viwanda wachangie, ukichangia unafanyiwa hafla na champeni na picha yako gazetini, ukigoma gazeti ni la nani? Haya. Kwa hiyo mnaposema makumbusho ya mtu binafsi mjue huyo mtu binafsi alikuwa na kalamu kali.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba picha ni feki. Wao wakazibeba zote wakazipeleka Ulaya, 1953 wakaanzia Paris kwenye makumbusho ya Orangerie waliko wataalamu wenyewe, wakazizungusha miji kadhaa hadi Marekani. Hapo midomo ikafungwa.

Mwisho wa Chatô unasikitisha kidogo. Alipooza 1960, akafa Aprili 1968, jengo likazinduliwa Novemba mwaka huohuo na Malkia Elizabeth wa Uingereza, mwenye ndoto hayupo.

Wa Kirinyaga Road

Wadau mimi niko Nairobi, hii stori inanikumbusha marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966. Yeye alikusanya sanaa ya Kiafrika na vitabu maisha yake yote akauzia serikali kwa bei ya urafiki akitumaini nyumba yake ya Muthaiga itageuzwa taasisi. Vitu viko mpaka leo pale National Archives katikati ya mji, ingieni mkipita Nairobi ni pazuri sana, lakini ile nyumba ilibomolewa. Kwa hivyo Chatô namsamehe mambo mengi, angalau jengo limesimama.

Mkuda wa Tandika

@Wa Kirinyaga Road limesimama kwa neema bro, mwaka 2006 walikatiwa umeme kwa deni. Makumbusho yenye Van Gogh ndani, giza. Mwaka uliofuata Desemba 20, 2007 alfajiri wezi watatu wakaja na mtaimbo na jeki ya gari wakanyanyua mlango, dakika kama tatu wameondoka na Picasso moja na picha ya mchoraji wao mkubwa Portinari. Zilipatikana Januari 2008 zimeegemezwa ukutani kwenye nyumba pembezoni mwa mji. Jeki ilikaza jengo, jeki ikaja kufungua mlango, Zege Halilali unasemaje hapo?

Zege Halilali

😂😂 Mimi nahusika na boriti, mlango muulize seremala.

Bi Rangi

Kaka yangu Mkoboaji, hawa wamekupeleka kwenye zege na wizi, swali lako la tatu hakuna aliyeligusa na ndilo kubwa. Mimi nafundisha kuchora watoto Unguja, nilibahatika kwenda pale mwaka 2018 nikakaa ndani saa nne nzima hadi mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Ukipanda ghorofa ya juu huoni kuta. Ni ukumbi mmoja mrefu hauna vyumba, vioo pande zote, na picha zimesimama katikati ya sakafu kama watu waliohudhuria harusi, kila moja kwenye kipande chake cha kioo kilichochomekwa kwenye jiwe la zege chini. Kwa mbali kioo hukioni, unaona picha zimesimama hewani zote zinakuangalia wewe. Na mbele ya picha hakuna karatasi ya jina. Unaitazama kwanza kwa macho yako mwenyewe, ukitaka kujua ni ya nani unazunguka nyuma, maelezo yako huko mgongoni, na mgongo wenyewe unauona, mbao, misumari, mihuri ya zamani. Lina alifanya hivyo kwa makusudi, hakutaka mtu aingie aanze kuogopa majina makubwa. Kwa hiyo ile hofu yako ya msibani yule mama aliifikiria kabla hujazaliwa.

Wakubwa wa baadaye wakaona ni vurugu, 1996 wakaviondoa vile vioo wakajenga kuta za kawaida kama kila mahali. Vimerudishwa Desemba 2015 chini ya mkurugenzi wa sanaa Adriano Pedrosa, yuleyule aliyesimamia Biennale ya Venice 2024, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia. Mimi nasema ile miaka ishirini kasoro walikuwa wameiba makumbusho wenyewe, wale wa jeki walichukua picha mbili tu.

Sasa nikuambie utafute nini, maana utachoka ukitaka kuona vyote. Tafuta ile ya Cézanne ya mwanamume mweusi amekaa mgongo wazi, ameegemea, jina lake Scipio, alikuwa modeli Paris miaka ya 1860. Monet mwenyewe aliwahi kuimiliki picha hiyo. Mgongo ule nilisimama mbele yake mpaka machozi, sijui kwa nini, ni uchovu wa mtu unaoujua. Halafu tafuta wasichana wawili wa Renoir wa mwaka 1881, mmoja mkanda wa waridi mmoja wa buluu, wanapendwa sana na watoto wa shule, ila yule wa buluu, Elisabeth, alikuja kufa 1944 akipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Ukishajua hilo ile picha haiwi tena ya pipi.

Na kwako wewe hasa ipo ile ya Portinari iliyoibiwa na kurudi, ya 1934, inaitwa O lavrador de café, mkulima wa kahawa. Mtu mweusi kashika jembe, miguu peku mikubwa kuliko kawaida, nyuma yake milima ya mibuni na treni inapita. Nenda kamtazame mtu wa kazi yako.

Mwaka niliokwenda mimi walikuwa na maonyesho makubwa ya historia ya Waafrika na Atlantiki, kazi karibu 450, ilikuwa miaka 130 tangu Brazil ikomeshe utumwa 1888. Waliopelekwa kule si watu wa Angola na Afrika Magharibi peke yao, wapo walioingizwa merikebuni pwani ya Msumbiji. Mtu wa Unguja huwezi kutembea mle ukajifanya ni habari za wengine.

Mkongo wa Brás

Jambo sana ba ndugu. Miye ni mutu ya Bukavu, niko ku São Paulo tangu 2014, natumika ku Brás mu duka ya nguo. Mutanisamehe Kiswahili yangu, nyinyi ya Tanzania munajuaka kucheka batu.

Mukoboaji, bus ya Campinas itakushusha ku Tietê. Pale pale kuko metro, ingia ligne ya bleu yenye inaenda Jabaquara, shuka Paraíso, kamata ligne ya kijani, stasiyo ya pili inaitwa Trianon-Masp. Ukitoka inje unaiona, hauwezi kupotea hata ukitaka. Mbele yake kuko parc ya miti mingi, ya bure.

Kama siku yako ni siku ya pili (nyinyi munasema Jumanne, msije mukachanganya), kuingia ni bure lakini chukua tiketi mbele ku internet juu batu ni mingi. Siku ya kwanza (Jumatatu yenu) wanafungaka. Kama ni siku ya yenga (Jumapili yenu) njo nzuri kuliko zote kwa mutu mwenye anataka kuona muji, juu avenue Paulista yote wanafunga motokari, batu wanatembea katikati ya barabara, muziki, velo, watoto, vitu ya kukula.

Ile nafasi ya chini wanaiita vão livre. Miye mwaka ya kwanza sikukuwa na feza ya kuingia juu, nilikuwa nakuyaka kukaa pale chini tu siku ya yenga, sababu hapana mutu anakuuliza unatafuta nini. Mvua ikinyesha unakaa. Bale ba manifestation (maandamano) banakutanika pale, ba fiancé banakutanika pale, bazee bakiuzisha vitu ya zamani, na sisi ba Kongo tulikutanaka pale mingi. Nilimaliza miaka mbili bila kujua kama juu kuko ba Van Gogh! Nilifikiri ni banki.

Telephone shika nguvu. Si pale tu, muji yote.

Mkuda wa Tandika

"Nilifikiri ni benki" nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ila Mkongo umejibu swali la kwa nini waache wazi kuliko sisi wote.

Na kitu cha kuongezea, makumbusho ni ya taasisi binafsi isiyo ya faida lakini kiwanja ni cha manispaa. Sasa nasikia wamejenga na jumba la pili pembeni, ghorofa 14, jeusi. Hilo nalo vipi, si ndo kuharibu?

Zege Halilali

Limefunguliwa 2025. Lilikuwa jengo la zamani la makazi wakaligeuza, limepewa jina la Pietro Maria Bardi na lile jekundu sasa linaitwa la Lina. Kwa hiyo mke na mume wako jirani, na wamechimba njia ya chini kuwaunganisha. Mimi sioni kama limeharibu, limekaa kimya pembeni. Lingekuwa na mbwembwe ningelalamika. Walikuwa na kazi za sanaa zaidi ya elfu kumi, na sakafu mbili tu kule hewani, ungefanyaje, hilo jekundu huwezi kulipandisha ghorofa ya juu hata kwa maombi.

Halafu nimesahau rangi. Mwanzo ile miguu haikuwa nyekundu, ilikuwa zege tupu la kijivu, imepakwa mwanzoni mwa miaka ya 90 walipokuwa wanakarabati maana maji yalikuwa yanapenya. Lina alikuwa bado hai, alifariki 1992. Kwa hiyo wote mnaolijua kwa wekundu wake mnalijua kwa ajili ya uvujaji. Ndio maana nawaambia wateja wangu msidharau mvua kwenye zege tupu, hawasikii. Wale wa Kariakoo wanaelewa, lile soko alilolibuni Beda Amuli lenye miavuli ya zege lilivyoachwa miaka mingi bila matunzo kabla halijaungua 2021, zege zuri linataka kuhudumiwa kama ng'ombe wa maziwa.

Bi Rangi

Kariakoo usinianzishie leo tafadhali.

Mkoboaji wa Moshi

Wakuu nimesoma zote mpaka mke kaniuliza nachekea nini. Siku yangu ya mapumziko nimecheki ratiba ni Jumapili, siku ya yenga, kwa hiyo bure nimeikosa ila barabara nimeipata. Mkongo nikifika nitakutafuta inbox, unywe kahawa ya Kilimanjaro nakuletea nusu kilo, nyie huko mnakunywa ya kwao.

Bi Rangi huyo mkulima mwenye jembe nimemwangalia kwenye simu, ana mikono ya baba yangu kabisa. Nitaanza na yeye, nikiweza nitazunguka na nyuma nione misumari.

Swali la mwisho, kadi ya homa ya manjano wanaiuliza?

Mkongo wa Brás

Kuingia huku si sana, lakini ukirudia kwenu wataiomba juu unatoka Brésil. Usiiache ku nyumba.

Zege Halilali

Mkuu na mimi nina ombi. Usinipigie picha ya jengo zima, hizo ziko elfu mtandaoni. Simama chini ya kona moja, elekeza simu juu pale boriti inapokutana na nguzo, nipigie pande zote mbili, ule uliofungwa na ule unaocheza. Nataka nione kama wameacha nafasi ya kutosha.